Vikadi vya Marehemu

3 Mei

…basi hapo ndipo simu ilipozima, Dada, sikukumalizia. U mzima? Mgongo umepoa? Mimi nanenepa kwa mapenzi tu. Mume wangu, mwalimu wa watu, ananifundisha maneno marefu ya Kiingereza nipate ile kazi ya mapokezi hospitalini. Usaili ni tarehe ishirini.

Anapanga vikadi mezani, kila silabi na kikadi chake: res-pon-si-bi-li-ty. Tunagonga meza kwa kidole; penye mkazo, hapo kwenye “bi”, kwa ngumi. Mkazo wetu sisi una kwao, silabi ya pili kutoka mwisho. Wa Kiingereza unahamahama kama mpangaji msumbufu. Tunacheka mpaka chai inapoa.

Vikadi alivitengeneza marehemu mkewe, mwalimu mwenzake. Wino ulishafifia, basi leo nimeviandika upya vyote, vya zamani nikavichoma. Mume wangu akirudi atafurahi huyo, hata sijui furaha yake ataificha wapi.

Mdogo wako


8 Mei

Mdogo wangu,

Huku wazima, mgongo ndio uleule. Umechoma? Vya marehemu? Ewe mtoto, ungeuliza kwanza. Alisemaje? Usinipambie.

Dada yako


21 Mei

Dada mpenzi,

Natumai hamjambo. Nisamehe kimya.

Uliuliza alisemaje. Alichakura majivu kwa mikono, akapata kipande kimoja kisichoungua, akakitia mfukoni. Ananipenda, Dada. Bado hunifunika shuka, hunichagulia ndizi iliyoiva zaidi. Ila tukisoma, nikishapiga ngumi, anageukia kiti cha pembeni, kitupu, anasubiri. Kisha ananiambia taratibu: “Yeye anasema mkazo uko mbele kidogo.” Nami nikirudia pale aliposema yeye, nakuta ni sahihi.

Jana nilifaulu usaili. Lakini neno la mwisho nililisoma kwa sauti nzito, ya upole, nisiyoijua. Nilipomrudia mume wangu nyumbani nikamsomea vilevile, alilia kwa furaha, akanikumbatia, akaniita kwa jina la marehemu.

Dada, niliitika. Na sikujisikia vibaya hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha.

Nitakuja kabla mwezi haujaisha, nikae kwako siku mbili tatu. Nikibisha hodi, usinifungulie kwanza. Niite kwa jina langu, usikie kama nitaitika.

Mdogo wako