Nukta ya Ghorofa ya Nne

Alhamisi, 6 Machi
Ghorofa ya tatu ya hospitali imekamilika. Pointi sitini na nne, dakika mbili kila moja: simama kwenye alama ya chaki, shika bangili ya mgonjwa kifuani, subiri vipokezi vya darini viisikie, andika nguvu ya mawimbi. Hatua mbili mbele, piga magoti, chora alama nyingine. Mhudumu wa wodi ya wazee, mama mcheshi, aliniuliza kama nimeangusha sindano au nasali. Nikamwambia naifundisha kompyuta kujua kila mgonjwa yuko wapi. Akasema afadhali, wazee wake wa ghorofa ya nne hawakai kitako.

Ijumaa, 7 Machi
Ghorofa ya nne nimeimaliza kwa dakika kumi na tano. Humu naweza kusema: sikupima. Wapaka rangi wamejaa korido, na mhandisi, bosi wangu, anataka mfumo uwashwe Jumatatu asubuhi. Michoro ya ghorofa hizi mbili ni pacha. Nikanakili namba za ya tatu, nikabadilisha tarakimu za mwisho hapa na pale zisifanane mno.
Hilo la tarakimu ndilo linalonikera. Asiye na kosa hafuti nyayo.

Jumanne, 11 Machi
Jana saa nne asubuhi mwalimu mstaafu wa kitanda cha tisa, ambaye hata majina ya wanawe yamemtoka, aliondoka kitandani. Skrini ikaonyesha nukta yake chooni, upande wa magharibi. Mhudumu — yule yule mcheshi — akaenda mbio. Hamna mtu. Akarudi kwenye skrini: chooni. Akaenda tena. Anasema alimkuta baada ya dakika arobaini katika stoo ya mashuka, upande wa mashariki kabisa, nyonga imevunjika. Alimwinua peke yake. Hakuna aliyeona.
Matroni anasema kumbukumbu za mfumo hazina ubishi: mzee alilala chooni dakika zote arobaini, kwa hiyo mhudumu hakutia mguu huko, la sivyo angemkuta. Amesimamishwa kazi. Kikao ni Ijumaa.
Nimeshindwa kumaliza chai.

Jumatano, 12 Machi
Nimepanda na bangili ya majaribio. Nimewaambia manesi ni ukaguzi wa kawaida. Nikaiweka kwenye stoo ya mashuka, nikatazama skrini.
Chooni.
Stoo ya ghorofa ya tatu ina rafu za mbao. Hii ina rafu za chuma, sakafu hadi dari. Chuma kinameza mawimbi ya bangili kabla hayajafika kipokezi cha karibu, kompyuta inadhani bangili iko mbali. Kupima siku ile kungeonyesha. Dakika mbili kwa pointi, basi.
Nimepima zote sitini na nne bila kupumzika. Nimepakia ramani mpya ya mawimbi. Sasa nukta haikosei zaidi ya hatua moja. Nimerudi nyumbani mwepesi kidogo. Angalau hatapotea mwingine.

Alhamisi, 13 Machi
Mjinga mimi!
Leo matroni alitaka mfumo ujaribiwe mbele ya mhudumu. Mhandisi akaweka bangili stoo. Nukta: stoo. Akarudia mara tatu. Stoo, stoo, stoo.
"Mama, umejionea," matroni akasema. "Bado tubishane?"
Nilichotengeneza jana kimemfutia ushahidi. Na nilikuwa nimesimama pale pale, ufunguo wa stoo mkononi.
Mhudumu alitazama skrini. Akasema labda kweli hakwenda. Labda alichanganyikiwa, umri nao. Kisha akanigeukia: "Wewe mwanangu wa kupiga magoti, hebu niambie. Nimezeeka kiasi hicho?"
Nikamwambia pole, mama. Pole! Hiyo tu.
Dada yangu kauliza mbona sili. Nimesingizia tumbo.

Ijumaa, 14 Machi. Benchi la nje ya chumba cha kikao
Nimekuja na karatasi za vipimo za ghorofa zote mbili, na ramani ya zamani niliyoitoa kwenye hifadhi. Nimempa mhandisi kwanza. Amezisoma sambamba, mstari kwa mstari, kidole kikishuka. Akanirudishia.
Kisha akasema, wala si kwa ukali: tukiingia, sema betri ya bangili ilikuwa dhaifu. Mama anarudi kazini leo leo, wewe unabaki, mfumo sasa uko sawa. Nani ataumia hapo?
Uongo wake unamwokoa mama haraka kuliko ukweli wangu. Hilo linanitisha.
Mhudumu amefika. Amevaa sare iliyopigwa pasi, ingawa hayumo kazini. Amekaa kando yangu. Anasema ametoka wodi ya mifupa, amemuuliza mwalimu: baba, ulianguka wapi? Naye akamwomba radhi kwamba hakumbuki. Akamwomba tena. Mzee anadhani kosa ni lake.
Sasa ni wawili wanaobeba kosa langu.
Mlango umefunguliwa. Mhandisi amesimama, amenyoosha mkono. Anasema nimpe zile karatasi, atazibeba yeye.
Nimezikalia, asizichukue.