Meno ya Barafu kwenye Udongo Mwekundu

Jumanne, 7 Januari
Nimeosha tena mabuti ya Kalonji. Udongo hadi ndani ya soksi. Soli zimelika, laini kama sahani. Leo tena mume wangu ameteleza kwenye mteremko wa kushukia shimoni kwao wanakochimba madini, kiwiko kimechubuka, na amerudi akicheka. Juzijuzi mwenzao Ilunga alianguka palepale na gunia mgongoni. Nyonga imevunjika. Yuko kitandani, mama yake ndiye anamgeuza. Na huyu anacheka! Nakichukia kicheko hicho. Mvua bado ni nyingi mbele yetu.

Alhamisi, 9 Januari
Sokoni kwa Mama Ngalula, muuza tombola, mitumba ya Ulaya. Chini kabisa ya balo la viatu ametoa nyavu za mpira zenye vyuma. Moja alishaanza kusugulia sufuria. Nimeokota karatasi yake: mzungu anatembea juu ya barafu, amezivuta juu ya viatu vyake kama soksi. Barafu! Hapa Kolwezi barafu ni ile ya vifuko, watoto wanainyonya. Lakini mtelezo ni mtelezo.

Aina tatu, jozi mojamoja. Ya kwanza ina waya uliosokotwa. Ya pili ina vichwa vya misumari, vifupi. Ya tatu ina mnyororo na meno marefu. Nimevuta mpira wa kila moja nione kama umepasuka. Nimezipima juu ya buti, si juu ya kandambili, maana buti ni nene. Mama Ngalula amenicheka. Acheke. Nimembembeleza, nimebeba zote tatu nizijaribu kesho.

Ijumaa, 10 Januari
Nimejaribu. Mteremko uleule, upande wetu wanawake, tunakooshea mawe kijitoni. Mabuti yangu mwenyewe.

Waya: hatua chache, udongo umejaa katikati, nimekaa chini kwa matako. Misumari mifupi: sabuni tupu. Mnyororo: nimesimama. Nimepanda na beseni la mawe kichwani, nimeshuka, nimepanda tena. Meno yanauma udongo. Wala sikushika kichaka. Nimecheka peke yangu kama kichaa.

Mbuyi, dada yake Kalonji, alikuwa ng'ambo ya kijito anaosha. Ameniangalia tu. Mbuyi akinyamaza, jua kuna jambo.

Jumapili, 12 Januari
Kalonji amekataa kuyavaa.

Mbuyi amemwambia kila mtu kwamba niliyavaa, hata mlangoni mwa kanisa. Ikamfikia mkuu wa shimo, yule wanayemwita PDG. Naye ametoa hukumu: kilichovaliwa na mwanamke hakiingii shimoni, minerai, mawe yenye madini, yatakimbia. Sheria naijua, jamani. Mwanamke hasogelei mdomo wa shimo. Nimezaliwa humu. Lakini nilifikiri chuma ni chuma, si sketi. Na ningejuaje kama yanashika bila kuyavaa? Ningeyajaribu kwa mikono?

Kalonji ameniuliza mara moja tu: "Mama, ulibivala weye mwenyewe?" Ningedanganya. Sikudanganya. "Basi mi sivali. Banaume batanicheka."

Chakula anachoingia nacho shimoni nani anapika? Hayo mabuti nani anaosha? Mawe hayakimbii ugali wangu. Na jozi ya mnyororo ilikuwa hiyo moja tu. Mbuyi simsalimii tena. PDG akipita hapa nammwagia maji ya vyombo. Sikio la kufa halisikii dawa. Nimeandika hivyo na sasa naogopa nilichoandika.

Jumatano, 15 Januari
Mvua tangu alfajiri. Ameanguka.

Nilikuwa kijitoni. Nimesikia wanaume wanapiga kelele. Kalonji chini kabisa, karibu na mdomo wa shimo, mfupa wa mguu umetoka nje ya ngozi. Wamemweka kwenye turubai, wamejaribu kupanda. Wameteleza. Wamemwangusha. Wamejaribu tena, wamemwangusha tena. Nimemsikia akilia, mwanaume mzima.

Meno yalikuwa kwenye beseni langu. Nimeyavuta juu ya mabuti. Nimeshuka.

PDG amenyoosha mikono: "Mama, rudia nyuma! Minerai itakimbia!"

"Ikimbie."

Nimefunga kamba ya turubai kiunoni. Mimi mbele, wanaume nyuma wanasukuma kwa magoti. Hatua moja, nangoja. Hatua moja, nangoja. Sikuteleza. Mbuyi alikuwa juu, amejishika kichwa kwa mikono miwili. Nimemwambia atafute pikipiki. Amekimbia.

Kiuno kimechunika. Nina hasira hata ya kutafuna mawe. Na yeye namkasirikia pia, mjinga yule, angekufa kwa ajili ya kutochekwa.

Jumamosi, 18 Januari
Hospitali. Mguu haukukatwa. Daktari anasema atatembea, lakini kushuka shimoni asahau kwa muda mrefu.

Mbuyi ameleta uji. Ameniambia habari bila kuniangalia: shimoni hawajapata kitu tangu siku ile, na kosa ni langu. Wamemwita mchungaji kuliombea shimo. Kuuombea huu mguu hajaja hata mmoja.

Kalonji amesikia yote. Hakucheka. Nimemwuliza kama na yeye anaamini mimi ndiye nimefukuza mawe. Ametazama dari.

"Sijui, mama."

Nilitaka kusema mengi. Nimechoka. Amesogeza mguu ule usiovunjika pembeni, polepole, uso umekunjamana kwa maumivu, hadi kukawa na nafasi kitandani. Nimekaa.