Jiwe Lako Bado Liko Kwangu

Rurrenabaque,
Oktoba, mvua zimeanza

Kwa kaka yangu Eusebio,

Pokea salamu zangu, na unifikishie kwa wifi na kwa wale watoto ambao sura zao nazijua kwa picha moja tu, tena ya zamani. Natumaini uko mzima. Watu huliandika neno hilo bila kulifikiria, lakini mimi leo nimeliandika, nikalitazama, nikaliacha kama lilivyo. Sisi huku wazima kwa kadiri yetu. Mashine yangu ya kukoboa mpunga inafanya kazi, mto umeanza kujaa, na dada yetu Casilda amebaki Oruro na nyumba na mafua yake. Baba yuko kwangu. Ndiyo, umesoma vizuri. Baba yuko kwangu, huku chini kwenye joto.

Ningekwambia kwa simu, lakini simu hupokei. Tangu Kanivali nakupigia. Kwanza ilikuwa inaita mpaka inachoka, siku hizi hata kuita haiiti. Ndiyo maana naandika. Barua nampa jirani yangu anayekuja Buenos Aires kumtazama binti yake, nimemwonya asimwachie mtu, akukabidhi mkononi. Nakuomba usome mpaka mwisho, hata pale nitakapokuudhi.

Casilda ndiye aliyenipigia, analia, kwamba midomo ya mzee imekuwa ya zambarau na akipanda ngazi mbili anakaa chini. Nikafunga mashine katikati ya kazi, wateja wamejipanga na magunia yao, nikapanda Oruro. Daktari hakunizungusha. Alisema damu ya baba imekuwa nzito kama uji uliolala, kwamba miaka ya mgodini na ule mwinuko wa kwetu milimani vimeuchosha moyo, na asiposhuka hataiona Kanivali nyingine. Nikamuuliza ashuke mpaka wapi. Akasema popote chini ya mita elfu moja. Kwangu ni mia mbili. Basi hesabu ikawa imekwisha, na jibu, kama kawaida ya nyumba yetu, likawa mimi. Mwanamume mkubwa wa nyumba ile ni wewe, kaka. Lakini hilo tuliweke pembeni kwanza.

Kilichonitoa jasho ni njia yenyewe. Ili ushuke huku, lazima kwanza upande. Oruro ni mita elfu tatu na mia saba, na pale La Cumbre, njia inapovuka mlima, ni elfu nne na mia sita na ushee. Yaani kumwokoa mzee ilibidi kwanza nimpeleke karibu zaidi na kifo chake. Nikanunua kile kidude cha kubana kidoleni kinachosoma hewa iliyomo kwenye damu, na nikakodi mtungi mdogo wa oksijeni. Nyumbani alisoma sabini na tisa kwa mia. Mimi huku chini husoma tisini na saba. Tangu hapo mwenzangu wa safari akawa ile namba.

Nilidhani atakataa kuondoka, nikajiandaa kwa ugomvi. Wapi! Aliniuliza swali moja tu, kama tutapitia La Cumbre. Nilipomwambia ndiyo, akaingia nyuma ya jiko, akatoka anaburuta gunia dogo lililofungwa kwa kamba. Nikalinyanyua. Mkono wangu umepima mpunga wa watu miaka ishirini, haukosei: kilo kumi na sita. Nikajua ni viazi vyake vile vya kugandisha na kukausha. Nikamwambia, baba, viazi kwangu vipo, na huo mzigo ataubeba nani? Akanijibu, "Gunia likibaki, na mimi nabaki. Chagua." Nikalibeba. Nani mwingine?

Kufika La Paz namba ilikuwa sabini na tano. Tukahamia gari dogo la kushuka mabonde ya Yungas, la dereva mmoja anayeitwa Don Nemesio, mtu mpole mwenye shavu lililojaa majani ya koka. Sasa sikiliza nilichofanya. Unakumbuka pale juu kwenye rundo la mawe, kila gari husimama: dereva anammwagia Pachamama, Mama Ardhi, pombe kali kabla ya kuuanza mteremko, na msafiri anaweka jiwe alilotoka nalo nyumbani, anamwachia mlima uchovu wake na maradhi yake. Wakati mwingine watu wanasali, wanatafuna, wanapiga soga, nusu saa imekwenda. Mimi nikaangalia mshale wa mtungi, nikaangalia kidole cha baba, nikamvuta Don Nemesio kando, nikamwambia leo asisimame. Alinitazama kama nimemwomba aendeshe kafumba macho. Nikamwambia mzee akikata roho kwenye kiti chake, polisi watalizuia gari na yeye akiwa ndani. Akajikuna kichwa, akasema basi atapunguza mwendo, amwage kidogo kupitia dirishani.

Baba alikuwa amesinzia na kinyago chake cha hewa. Lakini mwili wake ulijua. Tulipokaribia lile rundo alifumbua macho, akaanza kugonga kioo kwa kiganja, simama, simama wewe, simama! Don Nemesio akanitafuta kwenye kioo chake. Nikamwambia, "Twende." Baba hakunitukana. Aligeuza uso dirishani, na kwenye kidole ikasoma sitini na saba.

Hatukufika mbali. Ukungu ulikuwa umeshuka, na mbele yetu mlima ulikuwa umejimwaga barabarani, udongo na miti yake, malori yamepangana kama shanga. Huko mbele watu walikuwa wanachimba kwa sepetu. Abiria wote wakageuka kunitazama. Nyuma yetu alikaa mama mmoja mnunuzi wa koka, Doña Eufronia, mwanamke mpana na kofia yake. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba mwenye nyumba nimempita bila hodi, sasa kafunga mlango, nilitarajia nini? Kijana mmoja akadakia, "Mpigie simu Pachamama, mama, mwambie una haraka!" Wakacheka, kile kicheko cha watu wenye hofu. Don Nemesio hakucheka. Alisema tangu ashike usukani hajawahi kupita pale hivi hivi, na leo kamsikiliza mwanamke wa mashine ya mpunga. Nilitaka kuwaambia kwamba udongo unaporomoshwa na mvua, si na mtu. Lakini mshale wa mtungi ulikuwa umeingia kwenye nyekundu, na tulikuwa bado juu sana.

Hapo baba akavua kinyago. Nikakirudisha, akakivua tena, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Akasema nifungue gunia. Nikafungua. Kaka, hapakuwa na kiazi hata kimoja. Yalikuwa mawe matatu.

Alinieleza kwa vipande, akipumzika kila baada ya neno. La kwanza ni lake. La pili ni langu, alilitoa kwenye ukuta wa jiko siku niliyotoroka kuja huku nikiwa na miaka kumi na saba, bila kuaga wala kuweka jiwe. La tatu ni lako, tangu uliposhuka Yungas kuvuna koka kisha ukaunganisha mpaka Argentina. Miaka yote hiyo yalikaa nyuma ya jiko yakimsubiri apite La Cumbre mwenyewe. Akasema anayevuka bila kuweka jiwe hafiki anakokwenda, mwili unafika lakini mwenyewe bado yuko njiani. Kisha akasema, na nakuandikia alivyosema: "Ndiyo maana Eusebio hapigi simu. Hajafika."

Nilimwambia avae kinyago. Akasema atavaa nikishaondoka na mawe. Mzee wetu unamjua. Doña Eufronia, yule yule aliyenisimanga, akahamia kiti changu, akamfunika baba kwa shali yake, akaniambia, "Nenda, binti yangu, hiki kidude nitakisoma mimi, na namba nazijua." Lori lililokuwa nyuma yetu lilikuwa linageuza kurudi La Paz. Nikapanda na gunia langu.

Pale juu mvua ilikuwa ya barafu. Nikaweka jiwe la baba. Nikaweka langu, na nitakwambia kweli, mimi nisiyeamini mambo hayo nililia mpaka kofia ikaanguka. Kisha nikashika lako.

Kaka, sikuliweka.

Nililishika, vidole vimekufa ganzi, chini kule baba yangu yuko mikononi mwa mtu nisiyemjua, na nikawaza nimebeba mzee, nimebeba mtungi, nimebeba gunia, nimebeba na safari yako. Nikasema kwa sauti, hapana, hili aje aliweke mwenyewe. Nikalirudisha guniani, nikateremka kwa miguu mpaka gari la mafundi wa barabara liliponiokota.

Nilimkuta anasoma sabini. Doña Eufronia alikuwa amempa chai ya koka kidogo kidogo. Baba akafumbua macho akaniuliza, yote? Nikamjibu, yote. Akakirudisha kinyago usoni, akalala. Jioni barabara ilifunguka, tukashuka. Pale hewa ilipoanza kunukia majani mabichi ikasoma themanini, kufika Caranavi themanini na sita, na huku kwangu sasa inasoma tisini na tatu. Midomo imerudi rangi yake. Anakula samaki, anawafokea wateja wangu wanaomwaga pumba.

Ungedhani nimeshinda. Lakini kila siku anakaa karibu na mizani, simu yangu mapajani, akisubiri. Wiki ya kwanza alikuwa anasema kwa furaha, sasa jiwe limewekwa, amefika, atapiga. Wiki iliyofuata akanyamaza. Juzi akaniita, akasema kwa utulivu kabisa kwamba amefikiri sana. Kama jiwe limewekwa na mtoto bado hapigi, basi mtoto hayupo. Akaniagiza nitafute unga mzuri, nioke mkate wenye sura ya mtu kwa jina lako, tukuandalie meza Siku ya Wafu.

Siwezi kumwambia nilimdanganya. Naogopa itakavyosoma ile namba. Na siwezi kuoka mkate wa mtu ambaye sijui kama yu hai. Usiku nasikia maneno yake, na mimi nisiyeamini nimeanza kujiuliza, je, kama yule aliyekuacha njiani ni mimi?

Unga nimeshanunua. Sijaukanda. Jiwe lako liko nyuma ya mizani, chini ya gunia tupu, kilo tano na nusu. Kila asubuhi nalisogeza kwa mguu asilione. Piga simu, kaka. Asikie sauti tu, hata ukikohoa. Kisha uje, tupande wote mpaka La Cumbre, ulibebe kwa mkono wako, na njia nzima nitakutukana kadiri ya haki yangu.

Baba anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Casilda anakusalimu. Nisalimie wifi na watoto, na wao nao wanisalimie siku moja kwa sauti zao.

Ni mimi dada yako anayekungoja,
Primitiva Choque