Ihesabiwe Katika Robo Yangu

Sudi, mume wangu, amani ya Mola ikufikie hapo ulipolala.

Nakuandikia nikiwa ndani, hapa Bagamoyo. Eda haijaisha. Dunia yangu siku hizi ni dirisha la chumbani, na dirishani ni ukuta wa jirani na mpapai nusu. Nyuma yangu ile seva yako, kompyuta yako ya kuhifadhia nyimbo, inavuma mezani. Uliiweka chumbani kwa sababu ndiko kwenye feni, nami nikagomba kwamba kelele zake zitaninyima usingizi. Sasa tumefungiwa pamoja, mimi na yeye. Tofauti yetu ni kwamba sauti yake inatoka nje na kufika mbali, mimi yangu inaishia kwenye pazia.

Watu bado wanasikiliza, Sudi. Shangazi yako Bi Mwanaidi, kule Saadani, anaanika samaki huku simu yake ikimwimbia harusi ya mdogo wake, ile uliyoitoa kwenye kaseti iliyoota ukungu. Dada yako Zuhura anawapigia taarabu wateja wake wa chai pale Kerege. Miaka yote ya ufundi wako wa redio watu walikuletea kaseti za kutupa, wewe ukazihamishia humo moja moja, kisha ukawawekea jamaa programu ya kusikilizia kwenye simu zao. Nilidhani ni mchezo wa mtu mzima.

Siku ya hitma yako umeme ulikatika. Umeme uliporudi, seva iliwaka lakini muziki haukurudi. Shangazi akapiga simu: "Mwanangu, mbona Sudi amenyamaza?" Hakujua alichokisema. Nikakata simu.

Nilipotulia nikafungua simu, nikaingia kwenye ule ukurasa wa seva ulionifundisha kwa lazima nikiwa napepeta mchele. "Usiizime mashine nzima, Hawa. Kila programu ina sanduku lake. Gusa sanduku la muziki peke yake, lizime, uliwashe." Nikaligusa. Likawaka. Lakini juu kabisa pakatokea maandishi mekundu: diski moja haisomeki.

Unakumbuka ulivyonieleza habari za diski? "Ziko mbili, zinabeba kitu kilekile. Ni kama wake wawili, mmoja akinuna, mwingine anapika." Nikakupiga kwa upawa, ukacheka mpaka ukakaa chini. Basi mmoja kanuna, Sudi. Na aliyebaki ana umri uleule wa mwenzake. Akinuna na yeye, harusi zote zile, kaswida, sauti ya marehemu mama yako akiwasalimu ndugu, vyote vimekwenda.

Diski zinauzwa Dar. Mimi sitoki. Mtoto hatukujaaliwa. Mwanamume wa kumtuma alikuwa mmoja tu, kaka yako Kassim.

Usije ukamdhania vibaya. Kila siku baada ya Alasiri anakuja, anakaa barazani, ananijulia hali kupitia pazia. Unga huu ninaokula ni yeye aliyeuleta. Lakini nilipomwomba diski, akasema: "Shemeji, wenzake wameacha watoto wa kuwaombea. Yeye ameacha nyimbo za mapenzi, zinapigwa usiku na mchana na yeye yuko kaburini. Halafu unaniomba nikanunue kuni za kumchomea ndugu yangu? Izime, nakusihi."

Alikuwa analia, Sudi.

Tangu hapo nyumba ilinibana. Nikiizima, nimekuzika mara ya pili kwa mkono wangu. Nikiiacha, nani ajuaye? Mimi si mwanachuoni. Mara nyingi niliweka kidole kwenye kile kitufe cha kuzimia, nikakiondoa. Nilihamia sebuleni, nikausikia mvumo wake. Nikaenda jikoni, nikausikia. Mtu mwingine angevaa viatu akatoka kidogo kupunga upepo. Mimi nilizunguka vyumba vyangu vitatu kama kuku aliyefungwa mguu. Na ule wekundu kwenye simu ulikuwa pale pale.

Kisha wakaja kugawa mirathi. Kassim, sheikh na wazee wawili wa mtaa walikaa barazani, mimi nyuma ya pazia na Zuhura kando yangu. Mke asiye na mtoto ana robo, wakasema. Wakataja vitu: kitanda, kabati, pikipiki, vifaa vyako vya kazi. Friji nikaandikiwa mimi, kwa kuwa walijua nauza barafu za ubuyu. Seva haikutajwa na mtu. Nadhani Kassim aliona aibu kuitaja mbele ya sheikh.

Nikasema: "Kuna kitu hamjakigawa. Iko mashine ya Sudi ya nyimbo. Naitaka ihesabiwe katika robo yangu. Friji lichukueni."

Zuhura akanifinya paja.

Nikasema tena: "Naomba kuuliza, sheikh. Ikishakuwa yangu, kinachopigwa humo kinaandikiwa nani?"

Sheikh akakohoa. "Marehemu alichokifanya katika uhai wake, hilo yeye na Mola wake, nasi tunamwombea msamaha. Ama mali ikishahama, anayeitumia leo ndiye atakayeulizwa kwa leo yake."

Kassim akageukia pazia. "Shemeji, umesikia? Ni wewe utakayeulizwa."

"Nimesikia, shemeji."

"Na umeridhika?"

Nikasema nimeridhika. Sikuridhika hata kidogo, niliogopa. Lakini nilisema.

Friji limeondoka. Nakunywa maji ya mtungi, na watoto wa ubuyu hawaji tena kugonga. Siku chache baadaye Kassim alinyoosha mkono dirishani na kifurushi, diski ndani yake. "Hii si ya Sudi," akasema. "Hii ni yako." Akaenda zake bila kukaa. Nilifungua seva mwenyewe kwa bisibisi yako, nikatoa diski iliyonuna, nikatia mpya. Ilinakili kutwa nzima, nami nikiswali na kurudi kuitazama, mpaka wekundu ukaondoka. Kisha nikalifuta jina lako kwenye ule ukurasa, nikaandika langu, Mwanahawa. Shangazi akaliona kwenye simu yake, akauliza vipi. Nikamwambia fundi amebadilika.

Mimi mwenyewe bado sijasikiliza hata wimbo mmoja. Naiendesha kwa ajili yao tu. Eda ikiisha nitakuja kwanza kaburini kwako na Yasini, ndipo niende Saadani, nikae na Shangazi kwenye samaki wake, nisikilize naye. Nakuahidi hilo. Na nakuahidi dua kila swala, kwa kuwa sisi hatuna mtoto wa kutufanyia.

Lala, mume wangu. Huko malaika wakikuuliza habari za nyimbo zinazopigwa leo Bagamoyo, usihangaike kujitetea. Waambie zina mwenyewe, na yuko hai, anaitwa Mwanahawa. Waningoje mimi.