Kalenda Niliyoiona ya Rangi Moja

Mpendwa mdogo wangu Aika,

Ulilaumiwa mbele ya watu, kwa hiyo sitakuomba radhi ndani ya bahasha iliyofungwa. Barua hii na isomwe na yeyote, hata wale waliokuwa ofisini siku ile, hata majirani zetu wa Kibosho ambao mpaka leo wanaamini uliondoka Moshi kwa sababu kazi ilikushinda.

Nianzie kwenye kahawa, maana wivu wangu ulianzia huko.

Ulikuwa na miaka saba, mimi kumi. Msimu wa kuchuma, Baba alikupa mistari ya juu karibu na mfereji, mimi akanipa ya chini. Wewe ulipita kwenye tawi ukachukua mbivu, mbichi ukaziacha, bila hata kusimama. Mimi nilishika tunda mojamoja na kulibinya kuona kama limelainika. Sikujua kwamba wenzangu hawahitaji kubinya. Nilidhani wana haraka tu. Jioni Baba alimwaga kikapu changu juu ya turubai akachuchumaa.

"Deo, hizi za kijani umezichumia nini?"

"Sikuziona, Baba."

"Na mdogo wako kaziona vipi?"

Kuanzia siku hiyo wewe ndiye uliyekagua kikapu changu kabla hakijafika kwenye mashine ya kumenyea. Ulitoa mbichi kimya kimya na hukunicheka hata mara moja. Ningependa ungenicheka, ningepata sababu ya kukukasirikia.

Halafu kulikuwa na nyuzi za Mama. Alikuwa anakutuma mjini ukamnunulie uzi wa kushonea gauni la mteja, na hukubeba kipande cha kitambaa. Ulikitazama kitambaa, ukashuka mjini, ukarudi na uzi ambao ukilazwa juu yake haukuonekana. Mama aliwaita wageni waje waone. Siku moja nami niliomba kutumwa, nikarudi na uzi ambao Mama aliutazama, akaniangalia usoni, akasema, "Haya, asante mwanangu," akauweka kabatini. Kesho yake ulitumwa wewe.

Kwa hiyo ulipofika wakati wa kompyuta, nilishukuru Mungu. Kahawa ilikuwa imeacha kulipa, Baba alishang'oa nusu ya mibuni, na mjini ulifunguliwa mkahawa wa intaneti. Nikajifunza kutengeneza kurasa za tovuti kwa kusoma karatasi zilizochapishwa, nikaandikwa kazi kwa Mama Temu, aliyekuwa akipandisha wageni mlimani. Huko kila rangi ilikuwa na namba: tarakimu mbili za nyekundu, mbili za kijani, mbili za bluu. Nikajiambia hapa Aika hanipati, hapa rangi ni hesabu, na hesabu naijua.

Ukurasa wangu wa kwanza Mama Temu aliutazama muda mrefu. "Deo baba, mbona kama tangazo la msiba?"

Wiki hiyohiyo ulikuja kuniletea mtori wa ndizi aliotuma Mama. Ulisimama nyuma ya kiti changu ukasema, "Kaka, maandishi yanazama kwenye hiyo rangi ya nyuma. Yainue kidogo." Mama Temu akakusikia. Kufikia saa kumi ulikuwa umekalia kiti changu, mimi nimesimama. Mwezi uliofuata nawe ukaajiriwa: mimi niandike, wewe uchague rangi.

Ulikuwa mwalimu mzuri, Aika, na hilo nalo liliniuma. Ulinionyesha kijivu kilekile ndani ya miraba miwili, mmoja mweusi na mwingine mweupe, ukaniuliza kipi kimekolea zaidi. Nikajibu ni kile cha kwenye mweupe. Ukacheka kwa furaha. "Ni kimoja, kaka. Rangi haikai peke yake. Inategemea imekaa jirani na nani." Siku nyingine ulilowesha kidole ukaweka tone la maji kwenye kioo cha kompyuta, mahali palipokuwa peupe. "Njoo uone. Weupe haupo humu. Kuna vidoti vyekundu, vya kijani na vya bluu, macho yetu ndiyo yanayovichanganya." Niliinama nikaviona vya bluu. Vingine viwili vilifanana kwangu.

"Umeviona?"

"Nimeviona vyote," nikasema.

Hapo ndipo nilipoanza kukudanganya, na sikuacha.

Kisha ukachora kalenda ya safari. Uliifurahia sana. Siku zenye nafasi zilikuwa za kijani, siku zilizojaa nyekundu, rangi mbili zilizokolea sawasawa ili moja isiifunike nyingine. Ukaniita niione kabla hatujaiweka kwenye mtandao. Nilichokiona ni kurasa za mwezi mzima zenye rangi moja ya matope. Siku zote zilikuwa sawa kwangu. Nilijua hapohapo kwamba kuna kitu, na kwamba neno langu moja lingekusaidia. Lakini ningesemaje kwamba sioni, mimi kaka yako, mtu wa kompyuta? Tena kulikuwa na jingine, na leo nalitaja. Nilitaka siku moja nawe ukosee.

Nikasema, "Nzuri. Iweke."

Wale wageni wanne walikuja Julai. Waliangalia kalenda, wakakata tiketi za ndege, wakatuma barua pepe ambayo sisi tuliisoma kwa kuchelewa kwa sababu simu za Moshi zilikuwa zimekatika. Walipofika, waongozaji na wapagazi wetu wote walikuwa mlimani na watu wengine. Unakumbuka kiongozi wao, yule mwalimu mrefu mwenye ndevu. Hakugomba. Alifungua ukurasa mbele yetu, akasema kwake rangi hizi mbili ni moja, amezaliwa hivyo, na wako wanaume wengi kama yeye. Alidhani kampuni yetu ina nafasi mwezi mzima.

Nilisimama karibu na dirisha nikimsikiliza mtu wa mbali akiyaeleza macho yangu. Miaka yote ile nilijiita mzembe. Siku hiyo nikajua si uzembe, na nikajua nina nafasi ya kusema, "Hata mimi."

Mama Temu alikugeukia. "Aika, hukufikiria kuna watu wa namna hii?"

"Sikujua, Mama. Samahani sana."

"Na wewe Deo, ulipoiona kalenda uliona tofauti?"

Uliniangalia. Sijui kama ulikuwa unaniomba chochote. Nikasema, "Niliona vizuri tu, Mama."

Ulitolewa kwenye kurasa ukawekwa mapokezi kupokea simu. Kazi zote za tovuti nikapewa mimi. Nilifurahi, Aika. Naandika neno hilo makusudi, kwa sababu nimeshawahi kuiandika barua hii mara tatu nikiweka neno "niliumia" mahali pake. Kuumia kulikuja baadaye. Siku ile nilitembea mpaka chumbani kwangu Rau nikipiga mluzi.

Baada ya miezi miwili ukaaga nyumbani, ukaenda Dar kwa shangazi. Mama alikufungia ndizi na unga. Mimi nilisema nina kazi nyingi, sikuja stendi.

Uliacha daftari lako kwenye droo. Ndani uliandika namba za rangi, na mbele ya kila namba jina uliloipa mwenyewe: ndizi iliyoanza kuiva, udongo wa barabara ya Kahe, theluji kabla ya mawingu. Nimelitumia miaka minne. Kila aliyesifia kurasa zangu alikuwa akisifia macho yako, na mimi nilipokea sifa nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Kisha jioni nilikuwa nikikaa mkahawani kufungua kurasa unazotengeneza huko Dar, nikitafuta kosa. Sikulipata. Niliondoka nimekasirika kana kwamba umenifanyia ubaya kwa kufanya kazi vizuri.

Mwaka huu nilikwenda kupimwa macho. Nilipewa kitabu cha vidoti, nikaulizwa naona namba gani. Kwenye kurasa nyingi sikuona namba yoyote. Daktari alifunga kitabu taratibu akasema, "Hakuna dawa, ila hakuna ubaya. Waambie tu unaofanya nao kazi." Akaniambia kama jambo dogo.

Jumatatu nikaingia kwa Mama Temu, nikamwamkia, nikafunga mlango, nikamweleza yote, kuanzia kalenda mpaka daftari. Nilidhani atanifukuza.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Nilikuwa namwonea wivu, Mama."

"Mjinga wewe. Yeye angechora, wewe ungemwambia wapi watu kama ninyi wanapotea. Mtu wa kumkagulia kazi yake nilikuwa naye humu ndani, nisijue." Akavua miwani. "Nilimfedhehesha yule binti bure."

Ameniagiza nikuambie anataka kukupigia simu mwenyewe. Mimi hajanifukuza, lakini ametaka jina lako liandikwe chini ya kurasa zile zote, nami nimeshaliandika.

Usinifikirie nimekuwa malaika. Jana nimeona ukurasa wako mpya, ule wenye siku zilizojaa zilizopigwa mstari na kuandikwa neno "imejaa" ndani yake, ili asiyeona rangi asome. Umejifunza kutokana na kosa ambalo mimi nililiacha makusudi, ukalishinda. Wivu ulinipanda palepale kwenye kiti, ule wa zamani. Nadhani nitaishi nao. Nilichoamua ni kwamba hautanifunga mdomo tena.

Jumapili baada ya misa nitawaambia Baba na Mama. Naogopa zaidi uso wa Mama, kwa kuwa huwa anatetea kila mtoto wake, na safari hii hatajua amtetee nani. Nimeanza na wewe kwa sababu ni wewe uliyesimama pale mbele ya meza ukiomba samahani, na samahani ile ilikuwa yangu.

Ukitaka kunijibu, nijibu. Ukitaka kunyamaza, nitakuelewa. Salamu kwa shangazi, mwambie namwamkia.

Ni mimi kaka yako, nisiyeona kijani,
Deo