Magunia Arobaini Kando ya Matete

4 Machi

Mpwa wangu,

Hujambo wewe na mumeo? Huku tu wazima, hata mama yako mgongo umempa likizo.

Kazi uliyonitafutia hapa kwenye mradi wenu nimeishika barabara. Zile pumba za mpunga watu walizokuwa wakizimwaga kwenye bwawa la hifadhi na kuwaziba samaki pumzi, sasa nazirundika kuzunguka pipa lenye moto, ziungue polepole mpaka ziwe makaa meusi ya kurutubisha mashamba. Wenzangu wanapuliza moto mpaka macho yanataka kuwatoka. Mimi nakohoa mara moja tu, unawaka. Juzi korongo alisimama akanitazama saa nzima, nadhani anatafuta kibarua.

Waambie wakubwa wako walete hao wageni wanaotaka kuuona mradi.

Mjomba wako, fundi wa mafundi


9 Machi

Shikamoo mjomba,

Sisi hatujambo, mjukuu wako kaota jino. Habari ya korongo nimeisoma ofisini, wote hoi kwa kicheko.

Wageni watafika tarehe kumi na nane. Sitapata nafasi ya kuja kabla, kwa hiyo fomu ya ukaguzi wa magunia nitaitia saini kwa neno lako. Nakuomba sana: makaa yakishaiva mwagia maji, tandaza, subiri siku mbili, halafu chomeka mkono mpaka kiwikoni ndipo utie guniani. Pumba huficha moto ndani, juu ukadhani zimepoa. Na magunia yakae mbali na matete, ndege wanaatamia.

Mpwa wako


14 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi, na hilo jino lisalimie. Wewe ndiye wa kunifundisha mimi moto, niliyekukorogea uji?

Magunia arobaini tayari! Jirani yangu hapa kazini ana kumi na mawili, kanuna. Nimeyapanga kando ya matete, wageni wakishuka tu kwenye gari wayaone. Mkono nimeuchomeka hadi kwapani, baridi kama mtungi. Tia saini.

Mjomba wako, mwenye arobaini


20 Machi

Shikamoo mjomba,

Mama kasema umeungua viganja ukizima. Pole, paka dawa.

Magunia yalishika moto, upepo ukaupeleka kwenye matete, upande wote wa mashariki umeteketea. Wageni waliona majivu. Nimeulizwa nilikagua lini, nikasema sikukagua. Kesho narudisha funguo za ofisi.

Niambie tu: uliuchomeka mkono?

Mpwa wako


2 Aprili

Mpwa wangu,

Sijui niulize vipi hali yako.

Barua hii nimeianza mara tatu. Katika zile mbili za mwanzo nilijikuta shujaa, nikazichana.

Sikuuchomeka. Magunia yangu yalikuwa kumi na moja, jirani kumi na mawili, nikaona aibu. Nikajaza pumba zilizotoka motoni asubuhi ileile, mpaka yakafika arobaini. Nilipogusa gunia lilikuwa vuguvugu, nikajiambia ni jua.

Nimekwenda ofisini kwenu kusema uongo ni wangu. Karani akaandika yote, akasema, "Lakini mzee, saini ni ya kwake."

Hakuna aliyenituma, ila nimepita kwenye matete yaliyoungua nikahesabu viota. Ni mia moja na kumi na tatu. Sijaongeza hata kimoja.

Mjomba wako