Mtu wa Koti la Mvua Aliyerudi Kunywa Chai

Ntandu, rafiki yangu,

Kabla hujafika mstari wa pili nakusihi jambo moja: yote yaliyomo humu yabaki kwako. Usimwambie mtu yeyote huko, hata marehemu baba yako, maana mzee yule sote tunajua hakuwahi kulala na habari. Mimi bado ni mtumishi wa serikali, na uoga wangu unaujua.

Tangu uondoke, mji umekuwa kama umefunikwa kitambaa chepesi. Upepo unatoka ziwa Singidani na chumvi yake, unapita katikati ya yale mawe makubwa, na mara kwa mara nilikuwa naona mtu aliyevaa koti refu la mvua, kola imesimama, anatembea kando ya ziwa mahali ndege heroe wanaposimama. Nikikaza macho, ni mchungaji na blanketi lake. Siku moja alikuwa wewe. Ulishika mkasi, na hukunitazama.

Barazani kwa Mhindi, pale ulipokuwa ukishona, sasa ameketi fundi mwingine kutoka Kondoa. Anashona vizuri, siwezi kumsema. Lakini magazeti yanayofungiwa vikombe vya kutoka Ulaya anayatupa bila kuyakunjua.

Wewe uliyakunjua yote. Nilikuja na suruali yangu ya kazini ipunguzwe kiuno, nikakukuta umeinamia gazeti kuukuu la Ulaya, unakata taratibu ukanda wa picha: mtu, bastola, garimoshi, bahasha. Kiingereza hukujua hata neno. Ukaniuliza bila kuinua kichwa, "Karani, huyu anamfuata yule kwa wema au kwa ubaya?" Nikakujibu kwamba ni mpelelezi, anamfuata jasusi aliyeiba ramani. Ukafikiri kidogo, kisha ukaniambia suruali yangu itakuwa tayari nikimaliza kukusomea.

Ndivyo tulivyoanza. Nikitoka kazini napita kwako. Unanionyesha vipande vipya, nasoma, tunabishana, halafu chini ya kila picha naandika maneno ya Kiswahili kwa herufi ndogo, kwa wino wa zambarau ambao hakuna mwingine anao hapa ila ofisi yetu ya boma. Sikufikiri. Ilikuwa kama usingizi mtamu. Bandari ya Ulaya tuliiweka Singidani, mkuu wa majasusi tukampa sauti ya karani mkuu wangu, na wewe ulicheka mpaka sindano ikakuponyoka. Kisha ulivipitisha vipande vyote kwenye cherehani, ukavishona ukingoni kwa uzi wa kaki, vikawa kitabu kinene kama mto wa kulalia.

Ila ulivipanga kifundi. Koti la mvua na koti la mvua, suti ya milia na suti ya milia, kama unavyopanga vitambaa rafuni. Ndiyo sababu yule msaidizi wa mpelelezi anafungwa kamba na kutoswa majini, halafu ukurasa unaofuata ameketi hotelini, koti lile lile, anakunywa chai. Nilikueleza kwamba picha ya chai ndiyo iliyotangulia. Nikachukua wembe nifumue. Ukanipiga kofi mkononi. "Acha, Karani. Umemwona amekaa vizuri hivyo, unataka kumrudisha majini?"

Halafu ikaja baridi ya Juni na kichomi chako. Sitaki kuandika habari za siku zile. Ulizikwa kwenu Mwankoko, nami nilishika jembe pamoja na wengine, na udongo ulikuwa mkavu mno, ulikuwa unaruka na upepo kabla haujafika chini.

Matanga yalikuwa hayajamalizika karani mkuu alipotukusanya. Alisema kwamba kwa sababu ya ghasia tunazozisikia nchi jirani, mtumishi yeyote atakayeonekana na maandishi ya bunduki na mambo ya siri, au na kitu cha ofisi nje ya ofisi, atakwenda kujieleza mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya mwenyewe. Kitabu chetu kilikuwa kwa mama yako, ndani ya sanduku lako, na kila ukurasa una mwandiko wangu. Nyumbani baba ananitegemea mimi kwa karo ya wadogo zangu. Kazi hii ikinitoka, hakuna nyingine.

Siku ya kumaliza matanga vitu vyako vilitolewa uani, vikapangwa juu ya ngozi ya ng'ombe. Unajua desturi ya kwenu: baba yako mdogo anainua kitu kimoja kimoja mbele ya watu na kuuliza nani alikuwa na mkono wake ndani ya hiki. Asiposimama mtu, kitu kinakwenda nyumbani kwa matumizi. Mkasi aliusimamia mpwa wako. Koti lako alilichukua mdogo wako, akalivaa papo hapo, nami nikatazama chini. Kisha baba yako mdogo akainua kitabu chetu, akakigeuza juu chini. Bibi mmoja nyuma yangu alisema karatasi laini hizo zitafaa sana kufungia ugoro.

Na nani alikuwa ameketi pembeni na kofia yake ya kazi? Selemani, tarishi wa boma. Alinyoosha shingo, akasema kwa sauti ya kutosha, "Wino huo mbona naufahamu?"

Mzee aliuliza mara ya kwanza. Nilimwona bibi anasogeza kikapu chake. Mzee akauliza tena, na mimi, Ntandu, mimi ambaye huomba radhi nikikanyaga kivuli cha mtu, nilijikuta nimesimama. Nikasema, "Shikamoo baba. Hicho ni chetu, mimi na yeye."

"Marahaba. Kama ni chenu," akasema, "tusomee tujue."

Nikasoma kwa Kiswahili, nikawageuzia wazee kwa Kinyaturu. Watu walianza kusogea. Nikafika pale msaidizi anapofungwa kamba. Nikamtosa, maji yakamfunika, nikakumbuka nimesimama mbele ya nani. Sikuwa na la kufanya ila kufunua ukurasa. Akaketi hotelini. Akapuliza chai yake.

Mama yako alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Alisema, "Hapo. Rudia hapo."

Nikarudia. Akaniomba tena, nikarudia tena. Sikumwambia habari ya koti wala ya mpangilio. Ndipo Selemani akauliza, kwa dhati kabisa, "Karani, ametokaje majini na kofia kavu?" Mtu mmoja akacheka, kisha wawili, kisha mama yako akacheka huku analia na kujifuta kwa ncha ya kanga. Baba yako mdogo akaniwekea kitabu mikononi.

Selemani hakunisemea kwa ubaya, naamini hivyo. Alikipenda kisa tu, akakisimulia jikoni, akakisimulia getini, mpaka kikafika mezani kwa karani mkuu, pamoja na habari za wino na za ile sauti tuliyoiazima. Hakunipeleka kwa Bwana Shauri. Alisema kuna nafasi Itigi, kwenye reli, ya kuandika mizigo, mshahara mdogo kuliko huu, na kwamba huko hakuna siri za kulinda. Nimeondoka na lori la mtama. Naogopa bado, lakini si hofu ile ya kuficha.

Kwaheri, fundi wangu. Nakuahidi hivi: kitabu hakitalala chini ya godoro. Nitakisoma mchana, pale wapagazi wanapongojea treni, kwa yeyote atakayeuliza.

Ukitaka kunipata, usinitafute tena Singida. Nenda Manyoni, kisha fuata reli kuelekea machweo mpaka Itigi. Pita stoo ya mizigo, uache kisima mkono wa kushoto. Nyumba yangu ni ile yenye bati jipya upande mmoja tu. Njoo alasiri, nikishatoka kazini. Usibishe kwa nguvu, unanijua. Piga mluzi kwanza. Mlango hausukumwi. Uvute kwako, kisha uinue kidogo.